Ushindi hamsini, mataji mawili



Asubuhi moja, katika chumba chetu cha kufunga vidonda, vijana wawili walikuwa wakingojea zamu yao. Mmoja ni kijana wa garaji, mkono wake ndani ya plasta. Mwingine ni rafiki yake aliyemsindikiza. Walikuwa na telefone moja kati yao, wakitazama mashindano ya pikipiki ya Marekani, yale yanayofanywa ndani ya uwanja mkubwa wa mpira na kuitwa supakrosi. Wakabishana kwa sauti hata mama mmoja aliyepakata mtoto akaanza kucheka. Yule wa plasta alisema hakuna bingwa kama James Stewart, mtu mweusi kama sisi, kwa maana hakuna aliyewahi kwenda mbio kama yeye. Mwenzake akamjibu kwamba Stewart ana mataji mawili tu, Jeremy McGrath anayo saba, mazungumzo yamekwisha.

Kisha wakanigeukia mimi. (Mimi si dokta, lakini hapa kwetu kila mwenye koti jeupe ni dokta.)

— Dokta, wewe unasema nini? Nani bingwa wa kweli? Na hii plasta utaitoa lini? Jumapili tuna mechi.

Swali la mwisho lilikuwa rahisi: si leo, wala si kabla ya Jumapili. Lakini lile la kwanza nililibeba hata nyumbani, na leo nataka kulijibu katika ukurasa huu, kwa sababu naona ni swali la mifupa na mishipa kuliko la motere.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe kwa wale wasioujua. Wamarekani wanachukua uwanja wenye viti maelfu na maelfu, wanamwaga ndani udongo wa malori mengi sana, na wanajenga vilima. Kuna vilima vitatu vilivyofuatana ambavyo mwendeshaji anavipita hewani kwa mruko mmoja, mita 20 na pengine zaidi. Kuna mstari wa matuta madogo yaliyobanana, ambayo hayapitwi polepole: ukipunguza mwendo, gurudumu la mbele linazama kati ya tuta na tuta, nawe unatupwa juu ya usukani. Pikipiki yenyewe ina uzito wa kilo mia moja na zaidi. Mchezo huu ulizaliwa mjini Los Angeles mwaka 1972, katika uwanja wa Coliseum uliopokea Michezo ya Olimpiki ya 1932, na mshindi wa siku ile, Marty Tripes, alikuwa na miaka 16. Tangu 1974 kuna ubingwa wa kuhesabu pointi. Siku hizi msimu una mbio 17, karibu kila Jumamosi, tangu mwezi wa kwanza hata mwezi wa tano. Katika mbio kubwa ya usiku wanaingia watu 22, wanakwenda dakika 20, halafu mzunguko mmoja zaidi.

Angalia vema hesabu hiyo: Jumamosi 17. Hapo ndipo wengi wanapotea wanapobishana. Wanatazama usiku mmoja, wanaona mtu anaruka kama ndege, wanasema huyu ndiye. Lakini taji halitolewi kwa usiku mmoja. Kila Jumamosi mwili uleule unapaswa kuja tena.

Tumchukue huyo Stewart mwenyewe, na tusimwonee. Alikuwa na mwendo ambao watu hawajaacha kuuzungumza. Ndiye aliyewafundisha wengine kuilaza pikipiki ubavu wakati wa kuruka, ili isipande juu sana hewani bali irudi chini upesi na kuanza tena kukimbia. Mwaka 2007 alishinda mbio 13 katika 16. Kwa jumla, katika pikipiki kubwa, alishinda mara 50. Mara hamsini, ndugu! Na mataji yake ni mawili, la 2007 na la 2009. Wapi yalikokwenda mengine? Mwaka 2008 goti lilimtoa mapema. Mwaka 2010 kifundo cha mkono kilivunjika mwanzoni mwa msimu. Mwaka 2014 walipima mkojo wake wakakuta dawa aliyoandikiwa na mganga, lakini hakuwa amepata karatasi ya ruhusa ya kuitumia katika michezo, akafungiwa miezi 16. Karatasi, tu. (Sisi watu wa dispansari tunaposumbua watu kwa karatasi, wanatuona wabaya.)

Sasa mweke pembeni yake Ryan Dungey. Huyu alishinda mara 34, yaani 16 pungufu ya Stewart, lakini mataji yake ni manne: 2010, 2015, 2016 na 2017. Watu wengi walisema kumtazama Dungey kunaleta usingizi. Lakini kati ya 2015 na 2016 alimaliza mbio 31 mfululizo bila kushuka chini ya nafasi ya tatu. Msimu wake wa mwisho, 2017, ndio naupenda kuliko yote. Eli Tomac alishinda mbio tisa, Dungey akashinda tatu tu, na taji likabaki kwa Dungey kwa tofauti ya pointi tano. Karibu na mwisho, huko East Rutherford, Tomac alianguka mwanzoni mwa mbio, akahangaika kutoka nyuma, na Dungey akashinda usiku ule. Baada ya msimu Dungey akaacha kazi. Alikuwa na miaka 27, anatembea kwa miguu yake miwili.

Basi utaniuliza: bingwa ni mwoga, ni mtu wa kuhesabu vidole? Hapana. Hapo tusidanganyane. Mtu mwoga hawezi kuruka vilima vile hata mara moja. Na kuna mabingwa walioshika yote mawili, mwendo na uzima. McGrath mwaka 1996 alishinda mbio 14 katika 15. Ricky Carmichael mwaka 2001 alishinda 14 katika 16, na kati ya hizo 13 zilikuwa mfululizo. Hao ndio mabingwa watawala kweli, wanaofanya wenzao waje uwanjani kutafuta nafasi ya pili. Jambo ninalotaka kulitazama ni namna walivyofika pale.

McGrath alianza katika baisikeli ndogo, zile za vijana za kuruka vilima vya udongo, akaingia katika pikipiki akiwa kijana mkubwa tayari, wakati wenzake walianza tangu utoto. Wengine walidhani amechelewa. Kumbe baisikeli ilikuwa imemfundisha jambo kubwa: kuruka chini na kutua laini. Nimeona vifundo vya miguu vingi katika kazi yangu, na ninaweza kusema kwamba anayetua laini hutunza magoti, kiuno na uti wa mgongo. Sasa uzidishe kutua huko kwa vilima vyote vya mzunguko, mizunguko yote ya usiku, na Jumamosi zote za msimu. McGrath alitawala tangu 1993 hata 2000, mataji saba, ushindi 72, na hesabu hiyo hakuna aliyeifikia. Katika miaka ile alipoteza msimu mmoja tu, 1997. Alikuwa ameiacha Honda karibu kabisa na mwanzo wa msimu akaenda Suzuki, na akashinda mbio mbili tu mwaka ule. Kwa hiyo sisemi mashini si kitu. Lakini wale wa mbele wote wana mashini nzuri na mafundi wazuri, na Dungey alipata mataji katika Suzuki na tena katika KTM.

Habari ya Carmichael ni nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Mwaka 2000 alikuwa tayari bingwa wa mbio za nje, za mashambani, lakini ndani ya uwanja alishinda mara moja tu, na mwili wake ulikuwa mzito. Basi akamchukua Aldon Baker, mtu wa Afrika ya Kusini aliyetoka katika mbio za baisikeli. Baker hakumfundisha kuendesha pikipiki. Alimsimamia chakula, usingizi, baisikeli, mapigo ya moyo na siku za kupumzika. Mwaka uliofuata Carmichael akamwondoa McGrath katika kiti chake: katika mbio 16 za 2001, Carmichael alichukua 14 na McGrath 2. Mchezo ulibadilika siku zile. Na kama unadhani ilikuwa bahati, tazama tangu 2011 hata 2019: Ryan Villopoto mara nne, Dungey mara tatu, Jason Anderson mara moja, Cooper Webb mara moja. Miaka tisa mfululizo, na wote hao wanne walikuwa mikononi mwa Baker.

Kwa nini mwili una maana hivyo, na motere ndiyo inayokimbia? Ninyi mnaoshika mashini ya kutoboa mawe mtanielewa upesi kuliko mtu wa ofisi. Mwendeshaji hakai juu ya kiti, anasimama juu ya miguu yake karibu wakati wote, anasukuma, anavuta, anazuia mshindo. Moyo wake unapiga karibu na mwisho wa nguvu zake, na unaendelea hivyo dakika 20. Halafu kuna mikono. Misuli ya kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, imefungwa ndani ya ngozi ngumu isiyotanuka. Ukikaza vidole muda mrefu, damu inaingia katika misuli, misuli inavimba, na ile ngozi inabana. Damu haipiti vizuri tena. Mkono unakuwa kama ubao, vidole havisikii, na mtu anaanza kukosa breki. Waendeshaji wanasema mkono umejaa. Na anayeogopa na kukaza sana ndiye mkono wake unajaa mapema, na mkono ukijaa anazidi kuogopa. Bingwa ana nguvu, ndiyo, lakini zaidi ana ulaini: anashika kwa magoti, anaacha mikono ipumue pahali palipo tambarare.

Kuanguka kwingi kunakuja wakati wa kuchoka, wakati kichwa kinaona tuta na mkono unachelewa kujibu. Kwa hiyo mtu asiyechoka katika dakika ya 15 anapata faida mbili kwa pamoja: anawapita waliochoka, na haanguki kama wao. Watu wanafikiri mazoezi ni kwa ajili ya mwendo. Mimi naona kwanza ni kwa ajili ya kutoanguka.

Jambo la mwanzo wa mbio nitalipita upesi, ingawa wajuzi wanalitaja kwanza. Chuma kinaanguka, watu 22 wanakimbilia kona moja nyembamba. Atakayefika kwanza anaona njia. Wa katikati wanaona vumbi na magurudumu ya wenzao. Pale ndipo mifupa ya bega inapovunjika. Kuanza vizuri ni mwendo, na ni usalama vilevile.

Sasa tufike kwa yule kijana wa plasta, kwa maana hapa ndipo moyo wangu upo.

Mwaka 1989 Ricky Johnson, bingwa wa 1986 na 1988, alishinda mbio tano za kwanza za msimu. Tano kwa tano. Hakuna aliyeona atakayemzuia. Kisha, mwezi wa tatu, katika mbio ya nje huko Gainesville, mwenzake mmoja alitua juu yake kutoka hewani, na kifundo cha mkono kikavunjika. Alirudi kuendesha mwaka uleule. Lakini kifundo hakikurudi kamwe kama zamani, na mwaka 1991 akaacha, akiwa na miaka 26. Taji la 1989 lilikwenda kwa Jeff Stanton.

Mnajua kwamba ndani ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kuna kifupa kidogo ambacho sisi wa hospitali tunakiita skafoide? Damu inakiingia kwa njia mbaya, kutoka upande mmoja. Kikivunjika mara nyingi hakionekani katika radio ya siku ya kwanza, uvimbe unapungua, mtu anasema nimepona. Lakini kinahitaji wiki nyingi, mara nane, mara kumi na mbili, pengine zaidi. Ukikifungua mapema, upande usiopata damu unaweza kufa ndani yako, na baada ya miaka mkono unakuuma kila asubuhi ya baridi. Kijana wangu ana kifupa hichohicho.

Basi mlinganishe Johnson na Carmichael. Mwisho wa 2003 Carmichael alikuwa na mataji matatu mfululizo, 2001, 2002 na 2003, na goti lake lilikuwa limeharibika kano. Angeweza kulifunga kwa chuma na kwenda. Wengi wamefanya hivyo. Yeye akakubali kupasuliwa, akaacha msimu wote wa supakrosi wa 2004, akaketi nyumbani huku Chad Reed wa Australia akilichukua taji. Fikiri uchungu wake: ndiye bingwa, na anatazama televizio. Kisha akarudi katika mbio za nje za mwaka uleule. Zilikuwa 24, na akazishinda zote 24. Mwaka 2005 na 2006 akachukua tena taji la uwanjani. Ukiniuliza ni mbio gani ya Carmichael iliyomfanya bingwa, mimi nitakutajia ule msimu ambao hakuingia hata mbio moja.

Lakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani kwamba kila anayeumia amekosa akili. Hilo nalikataa kabisa, na ninalisikia mno hata katika vyumba vya hospitali. David Bailey, bingwa wa 1983, alikuwa mtu wa ufundi safi, aliyefundishwa na baba yake mwalimu wa pikipiki. Mwanzoni mwa 1987 alianguka vibaya, mgongo ukavunjika, hakutembea tena. (Mwaka 2000 alishinda ile mbio kubwa ya Hawaii ya kuogelea na kukimbia, upande wa watu wa kiti cha magurudumu.) Ken Roczen wa Ujerumani alivunja mkono wa kushoto mwaka 2017 vibaya hata ilihofiwa utakatwa, alipasuliwa mara nyingi, mwaka 2018 akaumia mkono mwingine, na alishinda tena mwezi wa kwanza wa 2020, baada ya miaka mitatu. Jett Lawrence, kijana wa Australia aliyelichukua taji la 2024, mwaka uliofuata aliumia goti mwezi wa pili tu.

Na Tomac? Baada ya ule msimu wa 2017 alifanya kila kitu sawasawa. Baba yake, John Tomac, alikuwa bingwa wa baisikeli za milimani, na kijana alikua akijua kutunza mwili, huko Colorado juu milimani, bila Baker. Alipata taji la 2020 na la 2022. Mwaka 2023 alipita hesabu ya Stewart ya ushindi 50. Mwezi wa tano wa mwaka ule, mjini Denver, nyumbani kwake, zimebaki mbio mbili, anaongoza pointi, na usiku ule anaongoza mbio. Hakugongwa na mtu. Hakuanguka. Alitua kutoka katika mruko kama alivyotua mara elfu, na kano kubwa ya kisigino ikakatika. Akatoka pembeni, akasimamisha pikipiki. Taji likaenda kwa Chase Sexton.

Kosa lake lilikuwa wapi? Nimetafuta sikuona. Kano ya mtu wa miaka 30 aliyeruka maisha yake yote inaweza kukatika siku yoyote, mbele ya watu wake wote. Kwa hiyo mtu akisema bingwa ni yule anayejitunza, namwambia: ndiyo, lakini kujitunza kunapunguza hesabu ya ajali, hakuifuti. Tomac alikubali kupasuliwa, akangoja, na mwaka 2024 huko St. Louis akashinda tena.

Hayo yote nilimwambia kijana wangu aliporudi wiki iliyofuata. Nilimweleza goti la Carmichael na kifundo cha Johnson, nikamwonyesha katika picha ya radio pahali ambapo kifupa chake bado kina mstari mweusi. Alisikiliza vizuri. Mechi ilikuwa imekwisha kupita, na wamefungwa mbili kwa bila. Nikamwandikia karatasi ya kurudi baada ya wiki tatu.

Akaipokea kwa mkono wa kushoto, akafika mlangoni, akageuka.

— Lakini dokta, Stewart ndiye aliyekuwa mbio zaidi.

Hapo sikumpinga.